Nasaba ya Ndege ya Kusukumwa

Watoto wa pwani hutengeneza kwa karatasi, uzi na njiti za makuti kitu cha kurusha msimu wa upepo, nacho huitwa tiara. Neno hilo asili yake ni Kiarabu, na kwa Waarabu wa leo tayyara ni ndege yenyewe, ile inayobeba watu. Waliolikopa zamani hawakuwa na habari ya ndege za injini, ila neno lao limeshika ukweli wa kihistoria, kwa kuwa ndege za mwanzo za Ulaya zilikuwa tiara zilizotiwa injini. Nitaeleza hapa ukoo mmoja wa ndege hizo, ulioanzia kwenye tiara, ukakulia Ufaransa, ukafika hadi Mafia na Rufiji, kisha ukakatika.

Mwaka 1893 huko Australia, Lawrence Hargrave alibuni tiara ya sanduku. Badala ya karatasi moja iliyotandazwa, yeye aliunda visanduku viwili vilivyo wazi mbele na nyuma, akaviunganisha kwa fito. Tiara hiyo ilitulia angani kuliko zote zilizoitangulia. Ndugu wawili wa Kifaransa, Gabriel na Charles Voisin, waliokuwa na karakana Billancourt kando ya Paris, waliichukua sura hiyo: bawa la juu na bawa la chini, katikati nguzo za mbao, na waya za chuma zilizokazwa mshazari kutoka pembe hadi pembe. Mbao zilibeba uzito, waya zikazuia umbo lisipinde, na kitambaa kikashika upepo. Fundi wa jahazi angeielewa kazi hiyo bila kufundishwa, kwa maana ni mlingoti, kamba na tanga, kila kimoja kikimtegemea mwenzake.

Kabla ya kuendelea na Wafaransa, heshima inataka watajwe waliotangulia. Tarehe 17 Desemba 1903, karibu na Kitty Hawk nchini Marekani, Orville Wright aliruka kwa sekunde 12 na kwenda mita 36 na kitu. Yeye na kaka yake Wilbur walikuwa mafundi wa baiskeli mjini Dayton, na ndege yao ilionyesha kazi yao ya awali: injini yenye nguvu ya farasi 12 ilizungusha rafadha mbili kwa minyororo kama ya baiskeli. Rafadha hizo zilikaa nyuma ya mbawa. Huo ndio mpangilio wa kusukuma.

Mwenye kuona mkokoteni wa hamali Mombasa au Dar es Salaam ataelewa mara moja. Mmoja anaweza kutangulia akavuta, au akakaa nyuma akasukuma, na mzigo ukaenda vilevile. Ndege tulizozizoea za rafadha huvutwa: pangaboi liko puani, nalo huikokota ndege nzima. Ndege za ukoo huu zilisukumwa. Injini ilikaa nyuma ya mgongo wa rubani, rafadha nyuma ya injini, na mbele ya rubani hakukuwa na kitu chochote isipokuwa hewa na usukani wa kupandia na kushukia, uliotangulizwa kama pembe za ng'ombe.

Mpangilio huo haukuchaguliwa kwa ujinga. Rafadha ikiwa nyuma, hewa inayofika kwenye mbawa haijavurugwa. Rubani hapigwi usoni na upepo wa rafadha wala moshi wa injini. Na jambo lililo kubwa kuliko yote, anaona. Anaona mbele, chini, kushoto na kulia, kama mtu aliyekaa kwenye baraza. Watu walikuwa hawajaizoea anga wala hawana saa za kuwaambia wako juu kiasi gani, kwa hiyo macho ndiyo yaliyokuwa chombo chao cha kwanza. Katika yote yatakayofuata, jambo hili la kuona ndilo lililoufanya ukoo huu uishi, na ndilo lililoufikisha kwetu.

Gharama ilikuwepo, tena kubwa. Rafadha ikizunguka nyuma ya mbawa, mkia utashikwa na nini? Jibu lilikuwa fito nne ndefu zilizotoka kwenye mbawa zikapita pande zote za rafadha, zikafungwa kwa waya hadi zikawa mfano wa kizimba. Kila ufito na kila waya uliukinza upepo na kula mwendo. Tena chochote kilichochomoka mbele kiliishia kwenye rafadha, na chochote kilichochomoka kwenye rafadha kiliishia kwenye waya za mkia. Tarehe 17 Septemba 1908, huko Fort Myer nchini Marekani, rafadha ya ndege ya Orville Wright ilipasuka angani, ikagonga waya ulioshika usukani wa nyuma. Ndege ikaanguka. Orville alivunjika mifupa, na abiria wake, Luteni Thomas Selfridge, akawa mtu wa kwanza kufa katika ajali ya ndege ya injini. Hata ndege ilipoanguka bila rafadha kupasuka, rubani alikuwa na chuma kizito nyuma ya kisogo chake, nacho hakikusimama pale mwili wa ndege uliposimama.

Sasa turudi Billancourt. Mwaka 1907 alifika kwa akina Voisin mteja aitwaye Henri Farman. Alizaliwa Paris mwaka 1874, wazazi wake Waingereza, na alikuwa bingwa wa mbio za baiskeli kabla ya kuhamia mbio za magari. Aliagiza ndege, kisha akaanza kuirekebisha kwa mikono yake. Wakati huo Ulaya nzima ilikuwa haijaona mtu akiruka, akazunguka na kurudi alikotoka mbele ya mashahidi rasmi. Zawadi ya faranga 50,000 ilimngoja atakayekamilisha duara la kilomita moja. Asubuhi ya tarehe 13 Januari 1908, katika uwanja wa Issy-les-Moulineaux, Farman aliondoka, akazunguka nguzo ya mbali na kurudi kwa dakika moja na sekunde 28. Ndege yake haikuwa na vibawa vya kuiinamisha upande. Aliigeuza kwa usukani wa nyuma pekee, ikiteleza kando kama ngalawa isiyo na mrengu, na kila kona ilikuwa hatari. Oktoba mwaka huohuo aliruka kutoka Bouy hadi mjini Reims, kilomita zipatazo 27, akipita juu ya miti na nyumba za watu. Ndege ilikuwa imetoka uwanjani na kuingia safarini.

Kisha kukatokea ugomvi, kama unavyotokea katika nasaba nyingi. Ndege iliyokuwa ikiundwa kwa ajili ya Farman, akina Voisin wakamuuzia mtu mwingine, Mwingereza J. T. C. Moore-Brabazon. Farman alikasirika, akafungua karakana yake. Mimi nauona ugomvi huo kuwa baraka, maana mwaka 1909 ndipo ilipozaliwa ndege iliyouzaa ukoo wote uliofuata, ile inayoitwa Farman III. Ilikuwa na mbawa za mita 10, mkia kwenye fito, magurudumu pamoja na vigogo vya kutelezea, na kwenye kingo za nyuma za mbawa zote nne vibawa vya bawaba vilivyomwezesha rubani kuinua upande mmoja na kushusha mwingine. Sasa ndege iliweza kulala kwenye kona kama baiskeli inavyolala. Ni rahisi kuamini kwamba mwendesha baiskeli ndiye aliyelitamani jambo hilo kwanza.

Injini nayo ina habari yake. Ndugu Seguin wa Ufaransa walikuwa wametengeneza injini iitwayo Gnome, silinda saba zilizopangwa kama miale ya jua, yenye nguvu ya farasi 50. Ajabu yake ni kwamba injini nzima ilizunguka pamoja na rafadha, huku mhimili wake umetulia. Kwa kuzunguka hivyo ilijipoza yenyewe kwa hewa, bila maji wala rejeta, na uzito mwingi ukaachwa chini. Ilikunywa mafuta ya mbarika, yaleyale ambayo bibi zetu waliyatumia kwa tumbo na kwa nywele, kwa kuwa mafuta hayo hayachanganyiki na petroli yakapoteza ulaini wake. Hayakurudi tena mwilini mwa injini; yalirushwa nje na mzunguko. Katika ndege za kuvutwa, marubani waliyameza kwa lazima. Aliyesukumwa yalimpita nyuma yake, na hiyo nayo ilikuwa raha ya kukaa mbele.

Agosti 1909 mji wa Reims uliandaa mashindano makubwa ya kwanza ya ndege duniani. Farman aliifunga Gnome kwenye ndege yake katika siku zizo hizo za mashindano, jambo ambalo fundi mwangalifu asingelithubutu. Akaruka kwa zaidi ya saa tatu, akazunguka kilomita 180 na kutwaa tuzo ya masafa. Akatwaa pia tuzo ya kubeba abiria, akiwa na watu wawili juu. Aprili 1910, Mfaransa Louis Paulhan alishinda pauni 10,000 za gazeti la Daily Mail kwa kuruka kutoka London hadi Manchester, akimpita Claude Grahame-White. Wote wawili walikuwa kwenye Farman. Desemba mwaka huohuo Kapteni Yoshitoshi Tokugawa aliirusha Farman huko Yoyogi, mjini Tokyo, na hiyo ikawa safari ya kwanza ya ndege ya injini nchini Japani. Uingereza, kiwanda cha Bristol kilitengeneza ndege yake ya kwanza yenye mafanikio kwa kuiga Farman, na watu wakaiita Boxkite, yaani tiara ya sanduku. Jina la babu likamrudia mjukuu.

Mdogo wake Henri, Maurice, alikuwa na karakana yake, na mwaka 1912 ndugu hao waliunganisha kazi. Ndege za Maurice ziliendelea kubeba usukani mbele kwenye fito zilizopinda, na Waingereza wakaziita Pembe Ndefu. Toleo lililofuata liliondolewa usukani huo wa mbele likaitwa Pembe Fupi. Marubani wengi wa Uingereza na Australia walijifunza kazi juu ya hizo, polepole, mwalimu na mwanafunzi wakiwa ndani ya kihori kimoja mbele ya mbawa.

Vita vilipoanza mwaka 1914, kuona mbele kukawa na maana nyingine. Tarehe 5 Oktoba 1914, Joseph Frantz na fundi wake Louis Quenault, wakiwa kwenye Voisin ya kusukumwa, waliiangusha ndege ya Wajerumani kwa bunduki ya rashasha. Ilikuwa mara ya kwanza ndege kuangushwa na risasi za ndege nyingine. Sababu ni rahisi: mwenye rafadha puani hakuweza kupiga mbele bila kuikata rafadha yake mwenyewe, wakati mwenye rafadha nyuma alikuwa na uwanja mtupu mbele yake.

Katika ukoo wa Farman kulikuwa na mmoja aliyeumbwa kana kwamba kwa ajili ya nchi za joto. Aina ya F.27 iliachana na mbao, mifupa yake ikawa ya chuma. Afrika Kusini iliitumia mwaka 1915 katika jangwa la Namibia ya leo, ambako ukavu ulikausha mbao hadi viungo vikalegea. Chuma hakikujali.

Kwetu, ndege ya kwanza ya ukoo huu ililetwa na Mjerumani. Bruno Büchner, naye akiwa mwendesha baiskeli na magari ya mbio wa zamani, alikuja mwaka 1914 na ndege iliyoundwa kwa mfano wa Gustav Otto wa Munich, ambaye kazi zake za kusukumwa zilifuata njia ya Farman. Alikusudia kuionyesha kwa watu. Vita vikamkuta, ndege ikaingizwa jeshini Dar es Salaam, na kabla mwaka haujaisha rubani mwingine, Henneberger, akafa nayo.

Wakati huo manowari ya Kijerumani Königsberg ilikuwa imeizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini Unguja, alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914. Makaburi ya mabaharia wake yapo hadi leo kisiwani Chapwani. Königsberg ikajificha katika delta ya Rufiji, ndani kabisa kwenye mikondo na mikoko. Manowari kubwa za Kiingereza hazikuweza kuingia kwa sababu ya kina kifupi, na kutoka baharini mikoko ilikuwa ukuta. Hapakuwa na njia ya kumwona adui isipokuwa kutoka juu.

Wa kwanza kujaribu alikuwa rubani H. Dennis Cutler, aliyeletwa kutoka Durban na ndege ya majini aina ya Curtiss, ambayo nayo ilikuwa na mbawa mbili na rafadha nyuma. Mashua ya ndege hiyo ilivuja, joto likainyima nguvu, lakini Novemba 1914 Cutler aliiona manowari. Desemba injini ilimwangusha, akatekwa. Zikafuata ndege nyingine za majini, Sopwith na Short, za kuvutwa. Sopwith zilishindwa kabisa: hewa ya moto ni nyepesi, na rafadha zao za mbao zilizogundishwa tabaka kwa tabaka ziliachia kwa joto na unyevu. Short zilifanya kazi zaidi na kupiga picha za manowari, lakini nazo hazikupanda juu vya kutosha.

Waingereza walikuwa wamekiteka kisiwa cha Mafia Januari 1915. Hapo uwanja ukasafishwa, na mwezi Juni zikafika ndege nne za magurudumu: Caudron mbili na Henri Farman mbili. Zikaja pia meli mbili zenye kina kifupi, Severn na Mersey, zilizokokotwa kutoka Malta, zenye mizinga ya inchi 6. Mpango ulikuwa kwamba meli ziingie mtoni na kupiga bila kumwona adui, na ndege iwaambie kwa simu ya upepo kila kombora limeangukia wapi. Jaribio la tarehe 6 Julai lilishindwa. Mersey ilipigwa, watu wakafa, meli zikarudi nje.

Tarehe 11 Julai 1915 walirudi. Juu yao, kwenye Farman, walikuwa rubani John Cull na mpelelezi wake H. J. Arnold, kijana kutoka Kanada. Fikiri walivyokaa: wawili ndani ya kihori cha wazi kilichochomoza mbele ya mbawa, chini yao kijani cha mikoko na mikondo ya maji ya udongo, nyuma yao injini ikinguruma. Arnold alitazama kila kombora la Severn lilipoinua maji au matope, akabonyeza herufi zake: mbali mno, karibu mno, kushoto, kulia. Makombora yakasogea hatua kwa hatua hadi yakaipata manowari. Ndipo risasi za Königsberg nazo zikaipata Farman, injini ikavunjika. Cull akaigeuza ndege kuelekea meli za kwao na kuishusha kwa kuteleza, bila injini. Arnold hakuacha kubonyeza. Alitoa habari kwamba wamepigwa na wanahitaji mashua, na bado katika kuteleza huko akatuma masahihisho yaliyoivuta mizinga kuelekea sehemu ya mbele ya manowari.

Farman ilitua majini karibu na Mersey, magurudumu yakakamatwa na maji, ikapinduka. Arnold alirushwa nje. Cull alibaki chini amenaswa na mkanda wake, akajinasua kwa shida, na mashua ikawaokoa wote wawili. Saa chache baadaye Kapteni Max Looff wa Königsberg, akiwa amejeruhiwa, aliamuru manowari yake ilipuliwe. Wajerumani walitoa mizinga yake kumi na kuiburuta nchi kavu katika miaka iliyobaki ya vita, na mmoja wao leo umesimama Fort Jesus, Mombasa.

Nimesoma vitabu kadhaa vinavyoihesabu siku ile kuwa ushindi wa mizinga. Kwa maoni yangu ilikuwa ushindi wa kiti. Caudron ya kuvutwa ilikuwepo nayo ilisaidia, lakini watu wawili waliokaa mbele ya kila kitu, bila bawa wala rafadha kuwaziba, ndio waliomaliza kazi ambayo kundi zima la manowari lilishindwa kwa miezi minane.

Mwanzoni mwa 1916 kikosi cha 26 cha jeshi la anga la Uingereza, wengi wao Waafrika Kusini, kilishuka Mombasa na kuweka kambi Mbuyuni, kwenye njia ya Voi kwenda Taveta. Kilikuwa na ndege za kuvutwa aina ya B.E.2c pamoja na Henri Farman za chuma. Huko macho ya Farman yalikutana na kitu kilichoyashinda. Katika nyika na misitu ya Afrika Mashariki, askari wa jemadari wa Kijerumani Lettow-Vorbeck walipita chini ya miti, wakajenga mahandaki vichakani, na rubani aliyekaa baraza yake nzuri angani aliona miti tu. Vita vilivyolishwa kwa vichwa vya wapagazi, wale waliotuachia jina la Kariakoo, havikuwa na barabara nyingi za kupelelezwa. Kikosi kiliufuata msafara wa Jan Smuts, jemadari wa upande wa Waingereza, kuelekea kusini, kikipoteza watu wengi kwa malaria.

Mwisho wa ukoo ulipikwa Ulaya. Katikati ya 1915, Wajerumani walianza kutumia ndege ya Fokker iliyofungwa kifaa cha kuisimamisha bunduki kila bawa la rafadha linapopita mbele ya mtutu. Sasa aliyevutwa naye aliweza kupiga mbele. Waingereza walijibu kwa kusukuma zaidi, na Geoffrey de Havilland akaunda D.H.2, ndege ndogo ya mtu mmoja iliyofika Ufaransa Februari 1916 chini ya Meja Lanoe Hawker. Kwa miezi michache iliwazuia Fokker. Lakini kizimba cha fito na waya kiliendelea kula mwendo, na Wajerumani wakaleta Albatros yenye mwili laini wa mbao. Tarehe 23 Novemba 1916 Hawker alikutana na rubani wa Kijerumani Manfred von Richthofen. Walizungukana kwa muda mrefu, wakashuka hadi karibu na ardhi; Hawker alipojaribu kukimbilia kwao, D.H.2 haikuwa na mwendo wa kumtoa. Akapigwa, akafa. Baada ya hapo ndege za kusukumwa zilihamishiwa usiku na kwenye shule za marubani, na akina Farman wenyewe wakageukia ndege kubwa za abiria za kuvutwa. Henri alifariki Paris mwaka 1958.

Ombi langu ni kwa watu wa Mafia, Rufiji na Taveta. Majina ya Cull na Arnold yameandikwa, wakapewa nishani. Waliong'oa minazi na kusawazisha uwanja, waliobeba madebe ya petroli, waliotazama kutoka kwenye mitumbwi siku tiara ile kubwa ilipoteleza kimya juu ya mikoko, nao walikuwa na wajukuu. Kama kwenu kuna aliyesimuliwa na babu au bibi, aandike jina la msimulizi, kijiji na maneno yake kama alivyoyasema, na karatasi hiyo aipeleke makumbusho.